Viganja Chini ya Rangi

Daraja lile la reli halijawahi kumaliza kupakwa rangi, na asiyejua sababu hudhani wapakaji wake ni wavivu. Mto ni mpana, unyevu wake haulali, na chuma hakina shukrani. Gengi la wapakaji likifika ng'ambo, kule walikoanzia kutu imeshafungua duka. Basi wanageuka na makopo yao, wanaanza upya. Ndivyo ilivyokuwa tangu Mkoloni alipolilaza daraja lake juu ya maji ili avushe pamba iliyolimwa na wengine, na hajatokea mtu aliyeweka brashi chini akasema haya, limekwisha. Wapakaji wenyewe walisema kazi yao ni kumwogesha mtoto ambaye bado yumo kwenye tope.

Kiongozi wa gengi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mabega ya mchukuzi na ulimi usiojua siku ya mapumziko. Watu wote walimwita Mama Brashi, hata muuguzi wa zahanati alipokuwa akimdunga sindano. Zamani wapakaji walikuwa wanaume, tena waajiriwa, wenye viatu vya shirika la reli na pensheni mbele yao. Shirika lilipoigeuza kazi kuwa kibarua cha kulipwa kwa siku, wanaume wakakumbuka kwa ghafla kwamba migongo inawauma, na dada zao na wake zao wakapanda.

"Mwanamume anaogopa vitu viwili," Mama Brashi aliwaambia wenzake wakining'inia juu ya maji, "kifo na mshahara mdogo. Na kifo ameshakizoea."

Alicheka, wakacheka. Lakini jambo moja hakulifanyia mzaha: alitaka gengi lake lote liajiriwe kwa kudumu. Kibarua akianguka mtoni, jina lake hufutwa ubaoni asubuhi ile ile, kwa kitambaa kile kile kinachofutia chaki. Aliliona hilo kwa macho yake. Mdogo wake wa kiume, aliyebaki kibarua wenzake walipoacha, alikatikiwa na kamba pale nguzo ya tatu, na shirika likaleta sanda na pole, basi. Mjane aliyeachwa, wifi yake, ndiye sasa aliyepaka bega kwa bega naye. Gengi lilimwita Ngazi, kwa urefu.

Jumatatu moja Meneja wa kituo alimwita Mama Brashi ofisini, akamkalisha kwenye kiti chenye mto. Hilo peke yake lilimtia wasiwasi.

"Kuna Mtaalamu anakuja kutoka wizarani," alisema Meneja. "Anaandika historia ya daraja. Akilisifia, fedha zitakuja."

"Na sisi?"

"Wewe hujui? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Bosi, methali haina pensheni. Sema ndiyo au hapana."

Meneja akacheka, akazungusha kalamu. "Ndiyo. Fedha zikija nawaajiri wote. Lakini mkamate huyo kijana. Mfanye aone kwamba daraja hili bila wapakaji ni chuma chakavu tu."

Mama Brashi alirudi nyumbani anatembea kama aliyekanyaga moto. Nyumba ilikuwa kota ya zamani ya reli, chumba na ukumbi, na ukumbini aliketi baba yake, mpakaji mstaafu, mikono yote miwili imemlegea kwenye vifundo, inaning'inia kama glavu zilizoanikwa. Ilianza kulegea akiwa bado kazini. Enzi zake walipaka kwanza rangi nyekundu ya madini ya risasi, na msimamizi wa Kikoloni aliwakataza kuikoroga kwa kijiti, kwa kuwa kijiti kinapoteza rangi. Walikoroga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko.

Binti alimshikia kikombe cha chai, mzee akanywa, akafutwa mdomo.

"Baba, nimwonyeshe lile bamba?"

Mzee hakuuliza bamba gani. Pale mwanzo wa daraja pana kibao cha shaba chenye majina: la mhandisi, la gavana, la askofu aliyelibariki. Jina la mtu aliyebeba hata msumari halimo. Kwa hiyo chini kabisa, nguzo ya tatu, pasipoonekana ila na mtu anayening'inia kwa kamba, wajenzi walijichagulia bamba lao. Kila aliyeanza kazi alichovya kiganja kwenye ile rangi nyekundu, akakigandamiza pale. Kikishakauka, wenzake wanakifunika kwa rangi ya juu. Anayefuata anaweka chake juu ya hiyo. Wajenzi waliwarithisha wapakaji, wapakaji wakarithishana, mkono juu ya mkono. Wakubwa wameandika juu wasomwe, walisema, sisi tunaandika chini tusifutwe. Hakuna bosi aliyewahi kuambiwa.

"Mwonyeshe," alisema mzee. "Pengine atapiga picha mkono wangu wa kule. Huu wa hapa haufai tena hata kufukuza nzi."

Ngazi hakuona kichekesho. Aliposikia habari ile kesho yake, alikuwa anafunga mkanda, akauacha wazi.

"Mume wangu yuko pale."

"Nitakwangua kwa adabu, wifi. Nitafungua kidogo tu, aone."

"Ukishakifunua kitu, wewe siye tena unayekifunika."

"Unataka uajiriwe, hutaki?"

"Nataka. Nani hataki? Ila wewe ukitaka kitu unatoa mpaka kitanda cha mgonjwa."

"Na nikikipata mnalala wote."

Ngazi akafunga mkanda wake, akapanda.

Mtaalamu alikuja na viatu vipya na kofia iliyokuwa bado inanuka duka. Walimngojea wamcheke, akawapokonya raha hiyo. Alipotazama maji chini, alisema wazi, "Jamani, mimi naogopa. Mnishike." Wakampenda. Ngazi mwenyewe alimfunga kamba, akamwambia, "Ukianguka, anguka upande wa kushoto. Kulia kuna miamba." Kijana akacheka huku meno yanagongana.

Mama Brashi alikwangua kona ya boriti kwa skrepa, akamsomesha daraja kama anayekata kitunguu.

"Hii kahawia ya juu ni ya juzi. Binamu wa waziri alibakiwa na makopo. Chini yake hii ya fedha, ililetwa na mkopo kutoka nje. Mkopo bado upo, rangi ilibanduka. Hii ya kijani ni ya uhuru. Walipaka upande ule unaotazama jukwaa la wageni tu. Upande wa pili uhuru haukufika. Hii nyeusi ni ya vita, ndege zisilione. Na hii ya kijivu ni ya mwenyewe, Mkoloni. Chini yake nyekundu, halafu chuma."

"Ajabu," alisema Mtaalamu, akapima unene wa boriti, akauliza ribiti, zile pini zinazoshikanisha chuma, zilitoka kiwanda gani.

Siku nzima ikawa hivyo. Alipima nguzo, akapima upana, akapiga picha kibao cha shaba kutoka pande zote. Kuhusu wapakaji aliuliza swali moja: brashi mnanunua wapi? Mama Brashi akaona ajira ya wanawake wake inateleza polepole kama kopo lililoachwa kwenye ukingo. Jua lilipoinama kidogo, alisema, "Kijana wangu, una nguvu za kushuka mara moja tena?"

Walishuka watatu, yeye, Mtaalamu na Ngazi, mpaka kwenye bamba la nguzo ya tatu. Mama Brashi alikwangua kwa upole ambao hakuna aliyejua anao. Kahawia ikatoka, na chini yake vikachungulia viganja vyekundu vya wanawake, kimoja kinapanda mgongo wa kingine.

Mtaalamu aliacha kutetemeka. Alitoa pamba na kichupa cha dawa na kijiwembe chembamba, akafanya kazi, na lazima isemwe alikuwa na mkono mzuri. Tabaka likaondoka bila kuumiza lililo chini. Kikatokea kiganja kimoja kipana, kidole cha kati kifupi, kilichobanwa na mlango wa ghala mwenyewe akiwa mtoto.

Ngazi alivua glavu. Aliweka kiganja chake juu ya kile cha mumewe, akakaa hivyo, anapepesuka taratibu kwenye kamba. Mtaalamu akageuza uso, akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko.

"Chini zaidi kuna nini?" aliuliza baadaye, sauti imepungua.

"Chini yuko baba yangu," alisema Mama Brashi. "Alianza kazi wakati wa Mkoloni bado. Na chini ya baba wako waliojenga."

"Waliojenga! Wenyewe?"

"Wenyewe. Kwa hiyo unaona, mwanangu, tangu siku ya kwanza daraja hili lina watu wake. Ukiandika, andika hivyo. Bila wapakaji si kitu. Andika waajiriwe."

"Nitaandika, mama. Nitaandika yote," alisema Mtaalamu. Lakini macho yake hayakuwa kwa Mama Brashi. Yalikuwa yamekwenda kwa waliojenga.

Akaandika kweli, na vizuri mno. Mvua zilipopita Meneja alimwita tena Mama Brashi. Safari hii, mbali na kile kiti chenye mto, juu ya meza palikuwa na chai yenye maziwa. Nje dirishani gengi lilikuwa limekaa kwenye reli ya pembeni, makopo miguuni, linangoja, Ngazi amesimama peke yake.

"Hongera," alisema Meneja. "Daraja limetangazwa kumbukumbu ya taifa. Fedha zimetoka."

"Alhamdulillahi. Tunaanza lini?"

Meneja akanywa chai. "Treni zitahamia daraja jipya. Hili litahifadhiwa. Na kitu kilichohifadhiwa, kwa mujibu wa sheria, ni marufuku kukipaka rangi."

Mama Brashi alitazama kikombe chake kama kwamba ndicho kilichosema. "Marufuku?"

"Kwa ajili ya yale matabaka uliyomwonyesha. Wanasema ni hazina. Watatumia dawa ya kuzuia kutu, angavu kama kioo, inapulizwa na mashine. Na pale kwenye viganja watarudisha sura ya asili."

"Asili ipi?"

"Ya wakati wa kujengwa. Mpaka mwisho wa Mkoloni. Rangi zilizokuja juu yake zitaondolewa. Wanasema hazina thamani ya kihistoria."

"Bosi, mdogo wangu yuko juu."

Meneja alitazama dirisha. Alikuwa mtu mwenye aibu kidogo, ya kumtosha mwenyewe tu, isiyobaki ya kugawia wengine. "Lakini wewe nimekupigania. Kuna nafasi, ajira ya kudumu, pensheni, sare. Mwonyeshaji wa Kazi za Jadi za Daraja. Utawaonyesha wageni mlivyokuwa mkipaka."

"Na wenzangu?"

"Nafasi ni moja."

Alitoka nje. Kuna watu hujua kupamba habari mbaya, na Mama Brashi alikuwa bingwa wao, lakini siku hiyo alifungua mdomo akakuta mapambo yamekwisha. Aliwaambia kama ilivyo. Mmoja akatukana, mwingine akaanza kucheka akashindwa kuacha, wa tatu akauliza kama makopo wayaache au waende nayo.

Ngazi aliuliza jambo moja. "Wewe umepata?"

"Wifi, sijakubali bado..."

"Usiniite wifi. Umepata?"

"Wamenipa."

"Basi ni vizuri. Mdomo wako umetulisha wote, ila umeshiba wewe."

Siku ya kubandua, Mama Brashi alikwenda peke yake. Mafundi wa wizara walikuwa wametandika wavu chini ya bamba na kuvaa barakoa. Mtaalamu alimwona, akaacha kazi, akaja. Alikuwa amekonda.

"Mama, niliwaandikia. Nilisema viganja vyote vibaki. Wakaniambia vigezo ni vigezo."

"Kijana wangu, wewe uliandika ulivyoweza. Sasa niambie, hivi mnavyobandua mnapeleka wapi?"

"Kwenye pipa. Vinazikwa mbali na mji, kwa usalama. Ni sumu." Akasita. "Ile rangi nyekundu, mama. Inapenya mwilini. Inalegeza mikono. Waliokuwa wakiitengeneza walijua, hata kabla daraja hili halijajengwa."

Mama Brashi aliangalia kiganja chenye kidole kifupi kikilainika, kikakunjamana, kikaanguka kwenye wavu vipande vipande, na chini yake kikaanza kujitokeza cha baba yake, kipana, vidole vimenyooka vyote, vyenye nguvu.

"Picha tunazo," alisema Mtaalamu. "Safi kabisa. Nitakuletea."

"Mpelekee mjane," alisema Mama Brashi. "Mimi sura yake naijua. Huyo mmemzika mara ya pili leo, ndani ya pipa, na hata matanga hatukuitwa."

Nyumbani alimweleza baba yake yote, na ile habari ya sumu pia, maana hakujua namna ya kuieleza nusu. Mzee alisikiliza, mikono imemlalia mapajani.

"Kumbe!" alisema. "Mkono wangu wa kule unalindwa na serikali, na huu wa hapa hauwezi kushika kikombe. Ningejua, ningebaki nimeushikilia kule kule, wanilinde mzima mzima."

Alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi kilipoisha kicheko hakikurudi. Alikaa akitazama ukuta, na binti yake akamshikia chai ambayo hakuinywa. Halafu aliuliza, "Na msimamizi, alipotukataza kijiti, alijua?"

"Sijui, baba."

"Alikuwa anavaa glavu yule," alisema mzee.

Mama Brashi aliikubali kazi. Afanyeje? Mzee alihitaji dawa, kota ilikuwa ya mfanyakazi, na njaa haina habari na heshima. Walimshonea sare ya kaki mfano wa ile ya zamani, wakampa kopo na brashi. Chini ya nguzo ya tatu walijenga njia ya mbao yenye ukingo, na mbele ya bamba wakafunga kamba nyekundu. Upande wa pili wa kamba palikuwa na boriti ya maonyesho. Kopo lilikuwa tupu, kwa kuwa rangi ni marufuku. Wageni wakija, anapaka hewa, anaeleza.

Mwanzoni alitia chumvi, akawachekesha. Aliwaambia habari ya binamu wa waziri na uhuru wa upande mmoja, wakacheka sana, wakampigia makofi. Baadaye akagundua kwamba vichekesho vile vile, alivyovisema kamba kiunoni na maji yanamngoja chini, hapa vilikuwa vimekatwa meno. Akaendelea kuvisema.

Jumamosi moja kundi lilikuwa kubwa. Bwana mmoja mwenye kofia ya majani aliuliza, "Mama, mlikuwa wengi?"

Kabla hajajibu, sauti ilitoka nyuma. "Walikuwa wengi."

Watu wakapisha. Alikuwa Ngazi, amevaa gauni lililopigwa pasi, tiketi mkononi kama mgeni yeyote. Siku hizi alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyofunguliwa ng'ambo kwa ajili ya watalii wa daraja. Hilo Mama Brashi alilisikia kwa watu, maana wenyewe hawakuwa wakisalimiana. Alisogea mpaka kwenye kamba. Alilitazama bamba, pale palipokuwa kahawia na sasa ni kijivu, viganja vya zamani vimeng'arishwa kwa taa ndogo. Alitazama muda mrefu kuliko walioko nyuma yake walivyopenda.

"Samahani dada," alisema mwishowe. Dada, kama unavyomwita usiyemjua. "Naruhusiwa kuuliza?"

"Uliza," alisema Mama Brashi.

"Mbona unapaka kuanzia chini?"

Wageni wakageuka kumtazama mwonyeshaji. Mama Brashi alisogea kwenye kamba, akashusha sauti. "Hamna rangi, wifi. Juu au chini, kuna tofauti gani?"

"Najua hamna. Macho ninayo." Ngazi hakushusha yake. "Lakini hawa wamekuja waone tulivyofanya kazi. Sisi tulianzia juu. Ukianzia chini inakuchuruzikia mpaka kwapani. Wataondoka hapa waseme hatukuijua kazi."

Hakuna aliyecheka. Bwana mwenye kofia aliivua, bila kujua kwa nini.

Mama Brashi alirudi kwenye boriti. Aliinua brashi mpaka juu, akaishusha.

"Hivi?"

"Legeza mkono. Unabonyeza kama unafuta ubao." Ngazi alingoja. "Ndiyo. Hivyo."

Alisimama pale mpaka brashi ilipoufikia mwisho wa boriti, kisha akaikunja tiketi, akaitia kwenye mkoba, akaondoka. Alikuwa na mashuka yanamngoja, na nyumba ya wageni ilimkata mshahara anayechelewa.

"Yule ni ndugu yako?" aliuliza bwana mwenye kofia.

Mama Brashi alichovya brashi kwenye kopo tupu, akaikung'uta ukingoni, akaanza tena kutoka juu.